Damu Isiyotaka Barafu

Ernestine hakumwamini mtu yeyote aliyevaa tai kabla ya saa mbili asubuhi. Alishawaona wengi, tangu enzi za chama kimoja hadi hizi za mizinga, na kila mara ilikuwa vilevile: tai mapema, kazi kidogo. Kwa hiyo Dokta Adolphe alipoingia maabarani siku yake ya kwanza ya ukuu, saa moja na nusu, tai nyekundu imemkaba shingo hadi macho yamemtoka, Ernestine alimtazama mara moja tu akarudi kwenye mirija yake ya damu.

“Bonjour, Madamu. Mi njo shefu mupya.”

“Sawa, Docteur. Utafunga mulango, vumbi inaingia.”

Huo ndio ulikuwa mwanzo wao, na haukupata kuwa mzuri zaidi ya hapo.

Dharau ya Ernestine haikuanguka kutoka mbinguni. Alizaliwa Kamenge, mtaa wa Bujumbura, binti wa fundi cherehani, akasomea ulaboranti, yaani upimaji wa maabara, akapata kazi katika zahanati moja ya mtaa. Mwaka 1995, watu wa Kamenge walipofukuzwa kwa risasi, mkurugenzi wa zahanati ile alikimbia na gari, na redio yake, na mbwa wake. Ernestine ndiye aliyerudi ndani kuchukua darubini. Aliifunga kwa kitenge, akaitia kichwani, akatoka nayo katikati ya watu waliobeba magodoro na masufuria, na kwa kuwa ilikuwa nzito alijifanya amebeba maharage. Aliilaza chini ya kitanda cha mama yake huko Mutakura miezi kumi na minne. Zahanati ilipofunguliwa tena, mkurugenzi alirudi na gari lilelile, mbwa mwingine, akahutubia redioni na kuwashukuru askari kwa kulinda vifaa. Jina la Ernestine halikutajwa. Hakulalamika. Alizima redio, akaendelea kumenya mihogo, na tangu siku ile wakubwa wote wa nchi wakawa kwake watu wa aina moja.

Mwaka 2000 alihamia maabara ya mradi, nyumba ya vyumba vitatu yenye bati jipya, juu kidogo ya Kamenge, mahali ambapo mabasi madogo hugeuza. Mradi ulitoka Ulaya. Ulitaka kujua kwa nini watu ambao kinga yao ya mwili imeanguka kwa sababu ya ukimwi hupata saratani za tezi wakati wengine hawapati, na pamoja na utafiti huo ulitoa dawa za kupunguza makali kwa watu wachache. Wachache kwelikweli: nafasi arobaini kwa jiji zima, wakati huo ambapo dawa zile zilikuwa hadithi tu, na aliyezitaka kwa fedha zake alipaswa kuwa na ndugu waziri au ng’ombe wengi.

Na mradi ulileta mashine. Mbelgiji mmoja mwenye ndevu alikuja nayo, akakaa wiki mbili kuwafundisha watu watatu: madaktari wawili na Ernestine. Madaktari walijifunza siku ya kwanza, wakapigwa picha, wakaenda kumalizia mafunzo ufukweni pamoja na samaki wa kukaanga. Ernestine alibaki na yule Mbelgiji, na kile alichokiona kilimpendeza kuliko kitu chochote alichokuwa amekiona tangu vita vianze.

Kila seli ya damu, aliambiwa, ina protini zake juu ya ngozi, na kwa protini hizo unaijua ni seli ya kazi gani. Seli zile zinazoongoza ulinzi wa mwili hubeba protini iitwayo CD4. Basi unatia katika tone la damu rangi iliyotengenezwa kung’ang’ania protini hiyo na si nyingine. Kisha mashine inazipanga seli mstari, moja moja, kama watu kwenye bariyeri ya askari barabarani, na kila moja inapita mbele ya mwanga wa leza. Iliyobeba CD4 inawaka, mashine inaihesabu, na kwenye kioo inatokea nukta. Mwishoni unapata wingu la nukta na tarakimu moja. Chini ya mia mbili, mgonjwa yuko hatarini, anaandikwa kwa dawa. Juu ya hapo, arudi nyumbani.

“Hii njo bariyeri moja mu Burundi haiulize mutu kabila yake,” Ernestine alimwambia Mbelgiji. Mbelgiji hakujua acheke au anyamaze, akachagua kukohoa.

Kabla ya kuondoka alimwachia mambo mawili. La kwanza, kila jibu litiwe saini mbili, ya laboranti na ya mkuu. Bila zote mbili karatasi si karatasi. La pili alilirudia mara tatu: damu ya mashine hii haitaki barafu. Ikae mezani, kivulini, ipimwe siku hiyohiyo au kesho yake. Ukiigandisha kwenye barafu seli zinakufa, na seli iliyokufa haina msimamo, hushika rangi yoyote inayopakwa. Mashine itaihesabu maiti kama askari.

Ernestine alilielewa jambo hilo upesi. Alikuwa anawafahamu watu kadhaa serikalini wa namna hiyo.

Sasa, huyu Dokta Adolphe alikuwa nani? Alikuwa mtu wa chanjo. Miaka kumi yote alizunguka mikoani na masanduku ya baridi, akihakikisha chanjo ya surua haipati joto, na kwa kazi hiyo alistahili sifa, hata Ernestine alikubali hilo kwa shingo upande. Lakini sifa zilimpanda kichwani. Alikuwa na cheti cha mnyororo wa baridi, amekiwekea fremu. Alikuwa na picha, yeye na sanduku la bluu, mkono juu ya sanduku kama mtu na mtoto wake wa kwanza. Katika kichwa chake kila kitu chema duniani kilikuwa baridi, na kila kitu chenye joto kilikuwa uzembe wa Waafrika.

Wiki ya pili alikuta mirija ya damu kutoka kituo cha Gasenyi imekaa mezani, kwenye kibao chake cha mbao, bila barafu. Alipiga kelele hadi mlinzi akaingia akidhani ni shambulio.

“Hii ni nini? Damu kwa meza, kama bia ya Primus?”

“Docteur, damu ya hii mashine haikubali baridi. Kitabu inasema.”

“Kitabu gani?”

Ernestine alimletea. Kilikuwa kwa Kiingereza. Dokta alikifunua, akakifunga, akasema Kiingereza ni lugha ya wauza redio wa Nairobi, na kwamba tangu lini laboranti akamfundisha daktari. Kisha akafungua friji, akaonyesha chupa za rangi zilizokuwa mle.

“Rangi inakaa mu friji. Damu je? Fikiria, Madamu. Fikiria kidogo.”

Kesho yake mlangoni palikuwa na karatasi yenye mhuri. *Note de service*, agizo la kazini. Damu yote isafirishwe na kuhifadhiwa kwa kufuata mnyororo wa baridi. Atakayekaidi atahesabika amejiuzulu.

Lazima kisemwe kilichofuata, maana Ernestine mwenyewe hakupenda kisemwe. Alibishana siku tatu. Aliomba apime mrija mmoja kwa njia mbili ili Dokta aone kwa macho yake. Dokta akasema mradi haununui rangi ili watu wacheze. Siku ya nne Ernestine alimfikiria mama yake mwenye miguu iliyovimba, na wapwa wawili ambao baba yao alipelekwa na lori mwaka 1996 akaonekana hadi kwenye kona tu. Akachukua kalamu. Kutoka hapo mirija ilifika katika sanduku la bluu, imebanwa kati ya mapande ya barafu, mingine ina chembe za barafu ndani. Alipima. Wingu la nukta lilitoka limechafuka, limetapakaa kama uji uliomwagika. Mashine ilitoa tarakimu, nzuri, kubwa. Dokta alifurahi: wagonjwa wa Bujumbura walikuwa na nguvu kuliko walivyodhani Ulaya! Akaanza kuandika ripoti ya mkutano. Saini ya juu ikawa yake, ya chini ya Ernestine, miezi minane.

Alijilipa kwa kudharau. Alimdharau Dokta asubuhi na jioni, alidharau viatu vyake, Kifaransa chake cha puani, jinsi anavyopuliza chai iliyokwisha kupoa. Nyumbani aliwaigiza wapwa wake jinsi Dokta anavyolibusu sanduku, wakacheka hadi kulala chini. Dharau ilimshibisha kiasi. Ilimfanya ajione yuko upande mwingine wa meza.

Basi, Jumatano moja ya Septemba 2002, Sephora akarudi.

Sephora alikuwa mjane, Mkongomani wa Uvira, anauza ndagala, dagaa wa ziwani, kwa vikombe katika soko la Mutakura. Miezi mitano nyuma alipimwa akapewa 412 na kuambiwa aende akale vizuri. Sasa alikuwa amebaki mifupa na kitenge. Kinywa kilijaa weupe, hata mate aliyameza kwa kufumba macho. Orodha ya dawa ilikuwa inafungwa kesho yake saa sita mchana, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Sheria ilikuwa wazi: kwa nafasi ya mwisho, mwenye seli chache zaidi anatangulia.

Ernestine aliingia ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi.

“Docteur, huyu mama turudie damu yake. Ile jibu ya kwanza ni ya uongo.”

“Mashine haisemake uongo.”

“Maiti njo zinasema uongo, Docteur. Mashine inazihesabu tu.”

Dokta alivua miwani. Hakuwa mjinga kiasi kile, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wakirudia mmoja watarudia wote, na wakirudia wote ripoti imekufa, na mkutano ni mwezi ujao.

“Mwambie arudi mwaka kesho,” alimaliza, na akavaa miwani tena.

Mwaka kesho! Ernestine alitoka nje. Alimwambia Sephora asiende sokoni kesho, aje akae kwenye benchi pale nje, asubiri. Asubiri nini, hakujua.

Alhamisi saa nne asubuhi Dokta Adolphe aliingia chumba cha mashine taratibu, akafunga mlango nyuma yake. Alitia vidole katika mfuko wa shati, chini ya tai, akatoa mrija wa damu. Haukuwa na namba. Ulikuwa na uvuguvugu wa kifua chake.

“Ni ya shemeji yangu. Unipimiye sasa hivi.”

Ernestine alinyoosha mkono kuelekea sanduku la bluu.

“Apana!” Dokta akadakia. “Usiitie mu barafu.”

 Nje basi dogo lilikuwa linaita watu wa mjini. Ernestine alimtazama mkuu wake, akaanzia kwenye tai akapanda hadi usoni, na kwa mara ya kwanza dharau yake iligeuka kuwa kitu kingine. Miezi yote ile alidhani anafanya kazi chini ya mpumbavu. Mpumbavu husamehewa. Huyu alikuwa amekisoma kitabu.

“Ulijuwa tangu lini?” akauliza.

“Pima, Madamu.”

Alipima. Alitia rangi, akasubiri dakika zake, akaiachia mashine. Wingu la nukta lilitoka safi, limejikusanya, jambo ambalo macho yake yalikuwa yamelisahau. 163. Dokta akapumua, akatoa kalamu, akatia saini palepale juu ya karatasi na kumsogezea.

Ernestine hakuigusa. Alitoka nje, akamshika Sephora mkono, akamketisha ndani, akatafuta mshipa katika mkono ule uliokonda hadi akaupata. Dokta alisimama pembeni kama mtu aliyekosa kiti. Mrija ulikwenda mezani, kwenye kibao cha mbao. Ernestine alimrudisha Sephora bencheni, akatia rangi, akasubiri.

58.

“Sasa hizi karatasi mbili,” akasema Ernestine. “Damu zote mbili hazikupita mu barafu. Ile note yako kwa mulango inazikataa zote. Ukiikubali ya shemeji, umekubali na ya huyu mama. Na huyu mama iko chini.”

“Niko naweza kukufukuza leo.”

“Unifukuze. Nani ataweka saini ya chini? We ulifunzwa mashine mu ripoti. Mwenye alifunzwa kweli ni mi.”

Dokta alianza kuzungumza habari za familia, habari za mke wake ambaye hajalala siku nne, habari za mashemeji wa Kirundi na mzigo wao. Ernestine alimsikiliza kama anavyosikiliza redio. Shemeji yule alikuwa na duka la saruji karibu na soko kuu na magari mawili. Dawa zingefika kwake kwa ndege kutoka Nairobi wakitaka. Aliyekuwa bencheni alikuwa na beseni la ndagala. Saa sita kasoro robo Dokta Adolphe aliandika jina lake chini ya 58. Kalamu ilitoboa karatasi. Ernestine akatia saini yake, akaibandua ile *note de service* mlangoni, akaikunja. Jina la Sephora likaingia kwenye orodha, la arobaini.

Alitoka nje na karatasi mkononi, na tuseme ukweli, alitoka akijiona. Alikuwa tayari anapanga jinsi atakavyowasimulia wapwa wake: mrija mfukoni, “apana!”, kalamu iliyotoboa karatasi. Aliketi karibu na Sephora akamweleza polepole kwamba jibu la kwanza lilikuwa baya, damu yake iliuawa na barafu kabla ya kufika kwenye mashine, hili ndilo la kweli, na kuanzia Jumatatu atapewa dawa.

Sephora hakushangilia. Alilishika jibu jipya kwa ncha za vidole.

“Ile ya kwanza ilikuwa ya uongo?”

“Ya uongo, dada.”

“Siku ile tulikuya na bwana yangu. Bahizire, jina yake. Mulitutoa damu sisi wawili.”

Ernestine hakukumbuka. Mirija ilikuwa na namba.

Sephora aliinama kwenye beseni lake, akatoa kifuko cha plastiki kilichonuka samaki, na ndani yake karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Ya kwanza ilikuwa yake, ile ya 412. Alikunjua ya pili juu ya goti. 530.

“Mulisema muzima kunipita mi. Nyuma ya miezi mbili akakufa. Sasa tukauliza, mutu mwenye mashine ilisema ni muzima, nani amemuua?” Alikuwa anazungumza bila kupandisha sauti, kwa sababu ya kinywa kile. “Mama yake njo alikuwa anamupikia. Tukasema ni yeye, amemupa karuho, ile sumu, mu chakula. Mi njo nilisema wa kwanza. Watu ya avenue wakakuya, watoto wakamutupia majivu. Muzee wa miaka makumi saba. Akavuka mto Ruzizi kwa miguu, akarudi Uvira, haikuwa hata na viatu.”

Ernestine alitaka kusema ni Dokta. Alitaka kueleza habari ya barafu tangu mwanzo, sanduku la bluu, picha, kitabu cha Kiingereza. Maneno yalikuwa tayari, aliyazoea, aliyatumia kila jioni.

Sephora aliweka kidole chini ya karatasi ya mumewe.

“Huyu wa juu ni docteur, namujua, jina iko kwa mulango. Na huyu wa chini?”

Paa la bati lilikuwa linalia kwa jua. Ndani, Dokta alikuwa anapiga simu.

“Ni mi,” akasema Ernestine.

 Sephora hakumtukana. Alizikunja karatasi zote tatu pamoja, akazirudisha katika kifuko, akafunga fundo.

“Basi tutaenda kwa mama yake, sisi wawili. Mi nitamuambia njo nilimusingizia. We utamuambia sababu.”

Ernestine alivua koti lake jeupe, akalilaza juu ya mapaja.

“Anakaa upande gani wa Uvira?” akauliza.